Kutoa injini ya milimita 18 na kuweka ya 24 kwenye roketi ya klabu

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mimi ni mwalimu wa fizikia, niko Chumbageni, Tanga. Klabu yetu ya sayansi ilizawadiwa seti ya roketi ya mfano: bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha milimita 34 kwa nje, urefu sentimita 60, mapezi ya balsa (mbao nyepesi sana), pua ya plastiki. Imetengenezwa kwa injini ya milimita 18, yaani C6-5 (herufi ni daraja la nguvu, namba ya kwanza ni msukumo, ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla parachuti haijasukumwa nje). Vijana wanataka tuweke D12-5, ambayo ni ya milimita 24. Bomba dogo la kushikia injini tumeshaligundisha. Je, nilichonge tu lipanuke? Na mapezi yatahimili? Injini zenyewe bado hatujaagiza.

JIBU: Njema, Mwalimu. Nianze na hilo la mwisho, kwamba injini hamjaagiza. Afadhali. Zina baruti ndani, na kwetu Tanga neno baruti lina historia mbaya: watu wanakumbuka mabomu ya kuvulia samaki, matumbawe yaliyosagika, na wavuvi waliobaki bila mikono. Mtu akiona katoni yenye alama ya vilipuzi mlangoni kwako hatafikiria fizikia. Kibali kwanza, chini ya Sheria ya Baruti, kwa jina la shule. Mamlaka ya Usafiri wa Anga nao wajue siku na mahali, maana uwanja wetu wa ndege hauko mbali na mji. Usimwombe ndugu aliye ughaibuni azifiche kwenye begi. Na kijana atakayekuja na wazo la kujitengenezea baruti mwenyewe, mtoe nje ya klabu mpaka apoe.

Sasa roketi. Usichonge. Lile bomba dogo ukuta wake ni mwembamba kama kadi; ukilichonga halipanuki, linatoboka. Litoe lote. Chukua koleo la mdomo mrefu, libonye kwa ndani, kisha livute likizunguka. Limeviringishwa kama ukili wa mkeka, kwa hiyo likishaanza kuachia hukufuata lenyewe. Pete zilizolishikilia zikate kwa wembe vipande vinne, ubandue kimoja kimoja, kisha piga msasa ndani mpaka kidole kisihisi mabaka ya gundi.

Bomba jipya la kukaa injini ya milimita 24 lina kipenyo cha takriban milimita 24.8 kwa nje, na bomba lako la mwili, kama ni la kawaida la 34, ndani lina kama 32.6. Pete mpya zitakuwa na upana wa karibu milimita 4 tu kila upande. Kata mbili kwa plaiwudi ya milimita 3. Zijaribu kavu kwanza: ziingie kwa kusukumwa na kidole gumba, si kwa nyundo. Kwenye kugundisha, usitumie gundi nyeupe ya mbao. Karatasi huinywa na pete hunasa ghafla. Mimi iliwahi kuninasia nusu ya safari na bomba zima nikalitupa. Tumia epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua nusu saa, upate nafasi ya kusahihisha. Kishikizo cha chuma cha nyuma, kile kinachozuia injini isichomoke, hakikupi shida, maana C6 na D12 zote zina urefu wa milimita 70.

Hiyo kazi ya mikono ni ya jioni moja. Kilichoniweka mimi na kikokotoo ni mkia.

C6 ina uzito wa kama gramu 24. D12 kama 43. Gramu hizo zote zinakaa nyuma kabisa. Unajua mshale: chembe nzito mbele, manyoya nyuma. Ukifunga jiwe kwenye manyoya, mshale utapinduka angani. Kwenye roketi tunasema kitovu cha uzito, yaani pale inapolala sawa ukiitundika kwa uzi, lazima kiwe mbele ya kitovu cha kanieneo, yaani pale hewa inapoisukuma kwa wastani. Umbali kati ya viwili hivyo usipungue kipenyo kimoja cha bomba. Kwako ni sentimita 3.4.

Nimefanya hesabu kwa roketi ya vipimo kama vyenu. Tuseme tupu ina gramu 80 na inalala sawa sentimita 32 kutoka ncha ya pua. Weka C6, ambayo katikati yake iko sentimita 56.5, na kitovu kinarudi hadi 37.7. Toa hiyo, weka D12 pamoja na gramu 6 za bomba jipya na pete, kinarudi hadi 41.3. Umepoteza sentimita 3.6, zaidi ya kipenyo kizima. Ina maana roketi iliyokuwa salama kwa kipimo cha chini sasa haina akiba yoyote. Itatoka kwenye fimbo ya kurushia, itapanda kama mita kumi, kisha itaanza kuzunguka ikitafuta watu.

Dawa ni uzito puani. Gramu 15 zikikaa sentimita 5 kutoka ncha zinarudisha kitovu hadi 37.5, pale pale pa zamani. Najua mtu wa Tanga ataniambia chubwi la mshipi lipo tele sokoni. Acha. Kipande cha madini ya risasi kikishuka bila parachuti ni silaha. Tumia udongo wa plastisini wa watoto, ushindilie ndani ya pua, ziba kwa tone la epoksi. Ila usizibe moja kwa moja kama mnataka kuendelea kutumia C6 kwa kuivika kibomba cha kupunguzia, yaani cha kuiwezesha injini ya 18 ikae kwenye nafasi ya 24. Roketi ikishakuwa na pete mpya, udongo, na kibomba hicho, itakaribia gramu 130, na mtengenezaji, Estes, anaruhusu C6-5 kubeba mwisho gramu 113. D12-5 inaruhusiwa gramu 283, na yenu itaondoka na kama 144, kwa hiyo huko hamna wasiwasi. Kwa hiyo udongo uwe wa kutoka, na siku ya C6 ipimeni kwenye mizani, maana hata bila udongo itakuwa kwenye kikomo hicho.

Kabla ya kurusha, fanyeni jaribio la uzi. Weka injini, kunja parachuti ndani, funga uzi wa mita mbili hivi pale kwenye kitovu cha uzito, izungushe kichwani kwako. Pua ikitangulia, sawa. Ikienda ubavu au mkia ukatangulia, ongeza udongo. Wanafunzi wataelewa hapo kuliko ubaoni.

Mapezi: balsa yenyewe ni laini mno kwa mwendo wa D12. Ipake gundi, funika pande zote mbili kwa karatasi ya daftari, bana chini ya vitabu usiku kucha. Kwa unyevu wetu wa pwani, acha siku mbili. Hakikisha nyuzi za mbao zinafuata ukingo wa mbele wa pezi. Zikiwa zinalala sambamba na bomba, pezi litakatika shinani kama biskuti. Pale pezi linapokutana na bomba vuta mstari wa epoksi kwa ncha ya kidole. Kamba ya mpira inayounganisha pua na mwili ibadilishe kwa kamba ya kevlar, uzi imara unaostahimili moto. Ya mkonge, pamoja na mapenzi yetu yote, nimeijaribu: inaungua na gesi za moto.

Fimbo ya kurushia ya milimita 3.2 itayumba, tafuta chuma chenye uso laini cha milimita 4.8, na kibomba cha pembeni mwa roketi, kile kinachopita kwenye fimbo, kiendane nacho. Watu wakae angalau mita 5 kutoka kwenye roketi.

Uwanja ndio utakaowasumbua. Kanuni za National Association of Rocketry ya Marekani zinataka, kwa injini ya D, eneo ambalo upande wake mfupi una mita 152. Hata kwa C ni 122. Uwanja wa mpira wa shule hautoshi kwa yoyote kati ya hizo. Roketi hii inaweza kuvuka mita 200 kwenda juu. Ikishuka kwa mita 4 kwa sekunde kutoka mita 240, itakaa hewani dakika nzima, na upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 300. Kusi likiwa limechacha msithubutu. Rusheni asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla upepo wa bahari haujaamka, na toboeni tundu la kikombe cha kahawa katikati ya parachuti ishuke upesi. Mashamba ya mkonge yana nafasi, lakini miiba yake itaichana parachuti. Na penye minazi, mtafuteni mkwezi mapema, mpatane bei kabla roketi haijapanda.