Barua kwa mwanangu: kwenye kodi hawajakuibia

Houston, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Picha ya ile karatasi ya yadi ya magari nimeipata, nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma, maana mwandiko wa huyo kijana ni kama wa daktari. Unaniuliza: "Mama, gari bei yake dola 31,000, kiwanda kinanirudishia 2,000, inabaki 29,000. Mbona kodi wameipiga kwenye 31,000? Wananiibia?"

Hapana. Kwenye mstari huo hawajakuibia. Kuna mstari mwingine sikuupenda, nitaufikia.

Hiyo 2,000, wenyewe wanaiita ribeti, haitoki mfukoni mwa yadi. Inatoka kwa waliotengeneza gari. Yadi inapokea 31,000 kamili: 29,000 kwako, 2,000 kiwandani. Sheria ya California inatazama muuzaji kapokea nini, haiulizi nani katoa. Ni kama mjomba kumchangia bwana harusi mahari. Kijana katoa pungufu, lakini mahari iliyofika kwa mzee ni ileile. Kwa asilimia 7.75 ya hapo mjini San Diego, kodi inakuwa dola 2,402.50. Wangehesabu kwenye 29,000 ingekuwa 2,247.50. Unaumia kwa dola 155, na hizo ni za serikali. Huyo kijana hata akikuonea huruma hawezi kuzifuta.

Nadhani aliyekuchanganya ni mimi. Niliponunua langu nilikusimulia kwamba ribeti ilikatwa kwanza, kodi ikaja baadaye. Ni kweli, kwa sababu huku Texas ribeti ikikatwa palepale kwenye bei, asilimia 6.25 yao inahesabiwa kwenye kilichobaki. Kila jimbo na lake. Wala usianze kupiga hesabu za kuja kulinunua huku. Ukirudi nalo California watakudai tofauti ya kodi, na gari ambalo halijafikisha maili 7,500 hawalisajili hivi hivi kama halina cheti cha viwango vyao vya moshi.

Mjomba wako wa Tanga nilipomweleza alicheka sana. Yeye alipoagiza lake Japani alibembeleza kwa wiki mbili mpaka wakampunguzia, akaenda bandarini Dar na risiti yake mkononi kama bendera. TRA wakafungua kikokotoo chao: gari la aina hii, la mwaka huu, thamani yake ni hii. Kubembeleza kwake kote hakukumpunguzia ushuru hata shilingi.

Sasa ule mstari mwingine. Tazama tena karatasi yako, juu kabisa. Hiyo 31,000 umeitoa wapi? Nimelinganisha na ile picha ya kwanza uliyonitumia umesimama kando ya gari, ukitabasamu, na kibandiko cha kioo nyuma yako. Ni bei ileile. Kibandiko hicho sheria inawalazimisha kukiweka kwenye kila gari jipya tangu 1958, na bei iliyoandikwa pale ni pendekezo la kiwanda, haikuandikwa na Mungu. Yadi haijakupunguzia hata senti moja, mwanangu. Wamekuonyesha ribeti, ambayo ungeipata hata kwa yadi ya jirani, wakakwambia "tumekushushia elfu mbili". Mtu kakupa zawadi kwa mkono wa mwenzake, nawe ukamshukuru yeye!

Na tofauti hii ndiyo inayogusa kodi. Punguzo la yadi yenyewe linashusha bei halisi, na kodi inashuka nayo. Wakikutolea dola 1,000 zao, wewe umeokoa 1,077.50. Kwa hiyo zungumza nao bei kana kwamba ribeti haipo duniani. Mkishakubaliana, ndipo useme, "Haya, na ile pesa ya kiwanda nayo tuiweke." Wakikutajia punguzo lolote, uliza swali moja tu: hili ni lenu au la kiwanda? Waandike pembeni.

Uliza pia ribeti ya kina nani. Nyingine ni za wanajeshi, nyingine za waliomaliza chuo karibuni, nyingine za mwenye gari la kampuni hiyohiyo. Kuna matangazo yanazijumlisha zote ili bei ionekane tamu, na hakuna binadamu mmoja anayezistahili zote. Wewe umehitimu mwaka jana, huenda kuna moja yako. Beba cheti.

Kuhusu Corolla yako. Umesema yadi wanaitaka kwa 8,000, na ile kampuni inayonunua magari mtandaoni imekupa 8,400. Ungekuwa huku ningekwambia wape yadi, maana Texas thamani ya gari la zamani unalowaachia inakatwa kabla ya kodi: 6.25 ya 8,000 ni dola 500, jumla umepata 8,500. California hawakati. Kodi yako itakuwa juu ya bei nzima hata ukiwaachia magari matatu. Kwa hiyo huko 8,400 ni kubwa kuliko 8,000 na hadithi imeishia hapo. Iuze kando, rudi na hundi yako. Wakiongeza mpaka 8,400, sawa, wape, ujiepushie safari.

Kisha kuna hili la mkopo, nalo nimelikalia na kikokotoo jana baada ya zamu. Wamekwambia uchague: ama ribeti ya 2,000, ama riba nafuu ya asilimia 1.9 kwa miezi 60. Wewe ukakimbilia 2,000 kwa sababu inaonekana kwa macho. Saccos ya kazini kwako inakukopesha kwa 5.9. Tuseme Corolla na akiba yako vinatosha kubakisha deni la 25,000. Ukichukua 1.9 utalipa kama dola 437 kwa mwezi. Ukichukua ribeti deni linashuka mpaka 23,000, lakini kwa 5.9 utalipa kama 443.60. Umeona? Deni dogo, marejesho makubwa. Kwa miaka mitano ribeti inakugharimu karibu dola 390. Na ukiiacha ribeti, ile 155 iliyokunyima usingizi haipo tena kwenye hesabu. Ila kumbuka: ukishusha bei, au saccos wakikupa riba ya 4, jibu linaweza kugeuka. Piga upya siku hiyohiyo kwa namba za siku hiyo. Na barua ya mkopo ya saccos uwe nayo mkononi hata kama hutaitumia, kwa sababu yadi ikikutafutia mkopo huweza kuongeza riba kidogo juu ya ile ya benki na ziada hiyo ikabaki kwao.

Nikwambie jinsi nilivyolijua hili. Mwaka 2007, gari langu la kwanza nchi hii, lile la kijivu ulilokuwa ukitapika ndani yake kila tukienda Dallas. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekua nikivutana bei sokoni Ngamiani mpaka mwenye kanga anakunja kitambaa kwa hasira halafu ananiita nirudi. Nikaingia yadini najiamini. Muuzaji hakunitajia bei. Alichukua karatasi akaigawa vyumba vinne: bei, gari la zamani, kianzio, marejesho ya mwezi. Akaniuliza kwa upole, "Mama, unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Nikasema 300. Akaenda kwa bosi wake, akarudi na 299. Nikafurahi nimeshinda kwa dola moja! Sikuuliza ni miezi mingapi. Ilikuwa 72. Darasa la kwanza ulilianza na gari lile, na lilipoisha kulipwa ulikuwa unanizidi urefu.

Kwa hiyo wakikuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, jibu: "Tuzungumze bei kwanza." Rudia mpaka wachoke.

Tena, usirudi pale kesho. Kaa nyumbani, andikia yadi nne au tano barua pepe moja, gari hilohilo, rangi hiyohiyo, uwaambie unataka bei ya mwisho na kila kitu ndani mpaka gari linatoka getini: kodi, usajili, ada zao zote. Wiki ya mwisho ya mwezi ni nzuri, wana malengo ya mauzo ya kufikisha. Jibu la chini wapelekee wengine. Gharama ya kulisafirisha gari kutoka kiwandani imo tayari kwenye kibandiko, usipoteze pumzi nayo. Ada ya makaratasi California imewekewa kikomo cha dola 85. Ikizidi hapo uliza ni ya nini. Kama kuna mstari wa naitrojeni ya matairi au dawa ya rangi, wafute. Hewa ya bure ipo kila mahali.

Baada ya kukubaliana watakuhamishia chumba kingine, kwa mtu aliyevaa vizuri zaidi, atakayekuuzia dhamana ya ziada na bima za kila namna. Hapo ndipo watu huchoka wakatia sahihi. Usifanye haraka, na usimsikilize anayesema una siku tatu za kulirudisha. Gari jipya ulilolinunulia yadini, sheria haikupi siku hizo.

Jumamosi sina zamu. Ukifika kwenye kile chumba cha pili, sema unataka kumpigia mama yako, utoke nje, unisomee mistari yote mmoja mmoja. Mimi nitakuwa na kalamu.

Na nyeupe usichukue, jamani. San Diego yote nyeupe.

Mama yako