Usinakili Picha, Soma Dirisha

Msomaji mmoja ametuma picha mbili. Ya kwanza ni sebule ya Hilton Carter, mpambaji wa mimea wa Baltimore, Marekani, iliyofunikwa na kijani kila upande. Ya pili ni sebule yake mwenyewe hapa Dar es Salaam: fikasi ya majani mapana (mti wa chunguni uitwao fiddle-leaf fig) imebakiwa na majani manne, mengine yako chini ya kochi. Anauliza aiwekee mbolea gani.

Asiiwekee yoyote. Mmea usiopata mwanga hauna cha kufanya na mbolea, na chumvi zake huishia kuunguza mizizi.

Miongozo mingi ya Wamarekani husema weka mmea dirisha la kusini. Baltimore iko nyuzi 39 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Hapa jua la Juni hupita kaskazini, la Desemba hupita kusini. Dirisha la kusini lililokupa mwanga wa kutosha wakati wa Krismasi linakuwa kivulini katikati ya mwaka, halafu unalaumu muuza miche. Dirisha la mashariki ndilo lisilosumbua. La magharibi linafaa pia, ila weka pazia jepesi, maana jua la saa tisa huacha mabaka ya kahawia yasiyofutika.

Kabla ya kununua chochote, pima. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale chungu kitakapokaa, shika kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali, fikasi itakaa. Kivuli chenye ukungu, weka pothosi, ile inayotambaa. Kivuli kisipoonekana, jaribu zamiokulka, ile ya majani manene yanayong'aa, na hata hiyo itavumilia tu, haitanawiri. Kumbuka baraza pana, neti ya mbu na pazia zito kila kimoja kinakula sehemu ya mwanga. Picha za mtandaoni hazina neti.

(Zamiokulka, kwa njia, huota porini Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo. Fikasi yenyewe asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi. Tunauziwa mimea hii kana kwamba imetoka Ulaya, na bei inafuata.)

Maji ndiyo yanayoua zaidi. Fikasi mwagilia pale tu sentimita 5 za juu zikikauka. Ingiza kidole, usikisie. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Baka jeusi linalotanuka ni dalili ya mizizi kuoza. Ukingo mkavu unaovunjika ni kiu. Ncha zikiungua wakati unamwagilia vizuri, angalia maji ya kisima: mengi ya pwani yana chumvi. Tumia ya mvua, au yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi.

Udongo mwekundu peke yake hushikana kama tofali. Changanya sehemu mbili za udongo wenye mboji, moja ya mchanga wa mto, moja ya nyuzi za makumbi zilizolowekwa na kusuuzwa mara mbili au tatu. Mchanga wa baharini usiuguse.

Kama kuna kitu cha kuiga kwa Carter, ni ukuta wake wa vichupa vya kuoteshea vipando kwenye maji. Fikasi aliyoipa jina Frank ilimpa sifa, lakini vichupa ndivyo vinavyowezekana kwa mtu wa chumba kimoja. Chupa za dawa ya kikohozi zinatosha. Kata pothosi sentimita moja chini ya kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina), bakiza vifundo viwili, ondoa jani lolote litakalozama. Jani lisilo na kifundo hukaa kijani wiki kadhaa bila kutoa chipukizi, na hapo ndipo wengi wanapoteza muda. Badilisha maji kila wiki. Kioo kikianza kuota utando wa kijani, jua linakipiga moja kwa moja, kisogeze. Mizizi ikifika sentimita 5 hamishia kwenye udongo, na siku kumi za mwanzo usiuache ukauke kabisa, kwa sababu mizizi iliyozoea maji hunyauka upesi.