Muulize Mama Salma: Uongo tunaowaambia watoto tukiogopa

Barua nyingi za mwezi huu zimebeba hofu. Nimechukua tatu, na ya mwisho nimeijibu kwa urefu kwa sababu nilikaa nayo siku nne kabla ya kushika kalamu.

*Mama Salma, asalaam aleikum. Binti yangu ana miaka saba. Babake haikosi taarifa ya habari ya saa moja, na siku za maandamano mtoto aliona kijana amelala barabarani, damu inamtoka. Tangu hapo halali peke yake. Bodaboda ikipiga mlio anauliza kama ni polisi. Nilimwambia ile ni sinema, watu wanaigiza. Haamini. Nifanyeje?* – Mama Zuhura, Malindi

Wa aleikum salaam, Mama Zuhura. Nikusimulie kwanza lililonipata mimi. Agosti 1997 nilikuwa na miaka kumi na minne, tunakaa Likoni, Mombasa, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Usiku wa tarehe 13 nilisikia milio. Nikamuuliza mama ni nini. Akanivutia kanga nijifunike, akasema: "Lala, ni fataki, kuna arusi upande wa Mtongwe." Nikalala. Usiku ule kituo cha polisi cha Likoni kilikuwa kimevamiwa, askari wameuawa, bunduki zimechukuliwa, na vibanda vya watu wa bara vinachomwa moto.

Chumba cha tatu walikuwa wapangaji kutoka bara, na binti yao alikuwa rafiki yangu. Asubuhi niliwaona wanatoka na godoro kichwani, wanakimbilia kanisa la Katoliki ambako mamia ya watu walikwisha kujisitiri. Nikamkimbilia mwenzangu nikamuuliza arusi ilikuwa ya nani. Aliniangalia tu. Sikumwona tena. Mamangu alitaka nilale, na kwa hilo simlaumu, lakini kwa miaka mingi kila aliponiambia "hakuna kitu" nilitoka nje kwenda kuhakikisha mwenyewe.

Zuhura anajua ile si sinema. Ameona uso wa babake alipokuwa akitazama. Mkalishe mchana, si usiku, umuulize yeye aliona nini, umwache amalize. Pengine anadhani kijana yule yuko barabara ya kwenu. Mwambie ni kweli, mtu aliumia, ilikuwa mji mwingine, na leo hapa kwetu pametulia. Akiuliza kama alikufa na unajua alikufa, mwambie. Usimwongezee asiloliuliza. Kumbuka pia kwamba picha moja ikirudiwa siku tano, mtoto wa umri huo huenda akahesabu watu watano. Kwa hiyo babake na asikilize redio, au angoje taarifa ya saa tatu watoto wakiwa wamelala. Na lala naye. Wiki tatu, mwezi, hata zaidi. Hatazoea vibaya.

*Dada, mwanangu wa kike yuko gredi ya tisa. Akiingia sekondari ya juu anataka mkondo wa Sanaa na Michezo kwa sababu ya voliboli. Mimi nataka STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati). Nimemwambia shule aliyoichagua haina nafasi tena, ingawa sijaulizia. Nimekosea?* – Baba Neema, Voi

Ndugu yangu, umekosea, na yeye atagundua kabla ya muhula kwisha kwa sababu watoto hawa wanasoma tovuti za wizara kuliko sisi. Kundi la kwanza kupitia mfumo huu mpya wa elimu liliingia gredi ya kumi Januari 2026, kwa hiyo sote tunajifunza, mzazi na mwalimu pia. Ninachokijua ni hiki. Matokeo ya mwisho hayatoki kwenye mtihani mmoja: KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, wa gredi ya tisa, una asilimia 60, tathmini ya gredi ya sita asilimia 20, na kazi za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20. Kwa hiyo sehemu ya jibu tayari mnayo kabatini. Toeni ripoti zake, mzikague pamoja. Na ukihofia kwamba akichagua michezo ameaga hisabati, hapana, hisabati imebaki ya lazima katika mikondo yote, ingawa walio nje ya STEM husoma iliyo nyepesi kidogo.

Hofu yako hasa ni riziki, si mpira. Mwambie hivyo. Kisha siku moja nenda ukamwone akicheza, kwa sababu barua yako ndefu nzima (hapa nimeifupisha) haina mahali unaposema umewahi kumwona uwanjani.

*Mama Salma, hujambo. Kijana wangu ana miaka 19, anasoma chuo cha ufundi. Mwaka jana, siku mbili kabla ya maandamano ya 25 Juni, nilimwambia nyanyake kule Mariakani ameanguka bafuni, aende akamwangalie. Alipofika alimkuta anapukuchua mahindi. Sikumtumia nauli ya kurudi hadi tarehe 26. Tangu siku hiyo hunisalimia tu. Hela ya matumizi huichukua mezani nikiwa sipo. Mimi ni mjane, ndiye wa kiume pekee niliye naye. Nilikosa?* – Mama Hamisi, Kisauni

Mamangu, hofu yako naijua na sitakuambia uiache. Juni 2024 na Juni 2025 kuna akina mama nchi hii waliozika wana wao baada ya maandamano. Kilichomuumiza Hamisi ni kwamba ulimtumia nyanyake kama chambo. Alikwenda Mariakani akiamini anamkuta bibi yake kitandani, pengine akilia ndani ya matatu. Sasa siku bibi akiugua kweli, atakuuliza mara mbili, na jambo hilo analijua kabla yako.

Jaribu kuona alichokiona yeye. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotoka, ukiwa na pendekezo la kutoza mkate kodi ya asilimia 16, vijana wa umri wake waliusoma wenyewe, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi hata mimi muuza vitambaa nikaelewa. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na wenzao wakapigwa risasi. Siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia saini. Kijana aliyeona hayo akiwa na miaka kumi na saba hawezi kuaminishwa kwamba kutembea barabarani ni utundu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha, na nina hakika anakijua kwa moyo.

Tena wewe na mimi si akina mama wa kwanza kufikwa na haya. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wazee, Monica Wamwere akiwa mmoja wao, walikwenda Uhuru Park, Nairobi, wakakaa kwenye kona ya bustani wakigoma kula ili wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikaa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, Profesa akapigwa hadi akazimia, na baadhi ya wazee wale wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kijana yeyote aliyelelewa na mama anaielewa. Walihamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wengi wa wana wao waliachiliwa 1993. Nawataja kwa sababu walikuwa na hofu kubwa kuliko yetu, na hofu yao waliitoa nje mchana kweupe kila mtu akaiona.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchukue Hamisi muende pamoja Mariakani, na umwombe radhi mbele ya nyanyake, maana naye ulimtumia bila idhini. Sema "nilikudanganya". Usiseme "nilifanya kwa mapenzi", hilo atalisema nyanya mwenyewe. Halafu mwambie unaogopa nini hasa, kwa jina: risasi, seli, kupotea. Akisema mwaka huu atakwenda, mpatane masharti. Asiende peke yake. Akuambie yuko na nani. Asishike jiwe, asiingie duka la mtu. Ajue kwamba akikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka aambiwe sababu upesi kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata zikiangukia wakati mahakama zimefungwa. Na wewe ulale umeshajua wakili gani utampigia. Pengine baada ya mazungumzo hayo ataamua mwenyewe kubaki. Pengine hataamua hivyo.

Mimi pia nilikaribia kudanganya. Asubuhi ya Jumanne ile ya 25 Juni 2024, Salma alikuwa na miaka kumi na tisa, ameshavaa raba, na nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia presha imepanda. Nikakumbuka arusi ya Mtongwe. Nikamwambia tu, "Naogopa, mwanangu." Akakaa kitini akafungua kamba za raba, nikadhani amekubali kubaki. Kumbe anazifunga upya. Akasema, "Basi twende sote."

Nilivaa buibui, nikabeba chupa nne za maji na kitambaa. Kabla hatujatoka nilichukua kalamu nikamwandikia namba ya mjomba wake kwenye mkono, ndani, chini ya kiwiko, naye akaniandikia mimi. Tulitembea, yeye mbele na wenzake wakiimba wimbo wa taifa, mimi nyuma hatua kumi. Adhuhuri nilichoka magoti, nikamwita, na akaja, akarudi nami nyumbani kwa miguu. Hatukusemezana sana njiani. Alioga, akaosha mkono kwa sabuni ya kipande na dodoki, wino ukagoma. Namba ile ilikaa hadi Ijumaa.