Kutoka PostgreSQL 14 kwenda 16 kwenye GitLab

Ndugu yangu wa Uyole uliyeuliza jinsi ya kupandisha GitLab (programu ya kutunza msimbo kwenye seva yako), ukiruka hadi GitLab 18 na PostgreSQL 14 (hifadhidata yake) hiyo uliyonayo, itakugomea. GitLab 18 inataka PostgreSQL 16. Fika kwanza GitLab 17.11, acha uhamishaji wa data wa chinichini (background migrations) uishe, ndipo upige gitlab-ctl pg-upgrade -V 16. Amri hii hutengeneza nakala ya pili ya hifadhidata nzima, kwa hiyo pima ukubwa wake kwa du -sh /var/opt/gitlab/postgresql/data. Nafasi tupu izidi hapo.

Bekapu: gitlab-backup create haibebi gitlab.rb (faili la mipangilio) wala gitlab-secrets.json (faili la funguo za siri). Zinakili kwa mkono. Ya pili ikipotea, siri zilizofungwa ndani ya hifadhidata hazifunguki tena.

Na kwa umeme wa Mbeya masika haya, bila UPS (betri ya akiba) usiguse. Ikikwama, gitlab-ctl revert-pg-version hukurudisha, ila kilichoandikwa baada ya kupandisha hakirudi nawe.