Panga Hatua Kwanza, Ndipo Upunguze Kina

Ami yangu ni mtu wa bao. Kila baada ya alasiri utamkuta uwanja wa Mkunguni; sataranji huigusa mara moja moja tu. Basi iliniuma alipoifunga programu yangu ya kucheza sataranji barazani kwetu hapa Lamu, tena kwa ngome iliyosogea pembeni kimya kimya, bila kula kitu wala kumtishia mfalme. "Mwanangu, mashine yako yaenda mbio lakini haioni," akasema, akanyanyua kikombe chake cha kahawa.

Usiku ule nilifungua kumbukumbu za programu. Hatua ile ya ngome ilikuwa ya 31 kwenye orodha ya hatua za kuchunguzwa, na mimi, kwa uroho wa kasi, nilikuwa nimeamuru kila hatua baada ya ya nne ikatwe kina, yaani idadi ya hatua inazotazama mbele, hadi nusu. Orodha yenyewe sikuwa nimeipanga.

Hesabu ndiyo hunitia aibu hapa. Katikati ya mchezo huwa kuna hatua halali kama 35. Ukitafuta kwa kina cha 6 bila kukata chochote, hizo ni nafasi zaidi ya bilioni 1.8. Alfa-beta, mbinu ya kuacha matawi ya mchezo yasiyoweza kubadili uamuzi, ikipewa orodha iliyopangika barabara huzishusha hadi karibu 86,000, na hapo hujapunguza kina hata kidogo!

Kwa hiyo anza na mpangilio. Tanguliza hatua bora iliyohifadhiwa kwenye jedwali kutoka utafutaji uliopita, halafu kipande kidogo kula kikubwa, halafu hatua tulivu, zisizokula kitu, zilizowahi kukata matawi ya jirani. Za mkiani ndizo za kupunguziwa. Mimi siku hizi sizigusi tatu za kwanza, wala hatua ya kula, wala askari anayepanda cheo, wala nafasi ambayo mfalme ametishiwa. Kina kikiwa chini ya 3 naacha kabisa kupunguza. Kiasi cha kupunguza nakikuza polepole: logi (logarithimu) ya kina mara logi ya namba ya hatua kwenye orodha, kisha nagawanya kwa namba ninayoitafuta kwa majaribio. Na hatua iliyopunguziwa ikirudisha alama zinazopita alfa, yaani alama bora ulizokwisha kujihakikishia, irudie kwa kina kamili kabla hujaiamini.

Kuna na ile mbinu ya kumwachia mpinzani zamu bure ili uone kama bado uko juu. Ni nzuri, ila izime mnapobaki na wafalme na askari watupu, maana huko mara nyingine kulazimika kucheza ndiko kunakomwangusha mtu.

Kupima je? Pambanisha toleo jipya na la zamani. Michezo 20 haikuambii kitu. Mimi nilishangilia ushindi wa 12 kwa 8 nikaja kujuta. Iwe maelfu, ya haraka haraka, usiku kucha. Na matokeo ya kila mchezo yaandikwe kwenye faili papo hapo, maana umeme wa huku ukikatika saa tisa za usiku, utaamka huna hata mchezo mmoja.