Utoto Mtakatifu Baada ya Sherehe: Ushauri kwa Walezi Wapya

Viongozi wapya wa vyama vya kitume wanapochaguliwa parokiani, walezi wa watoto huwa ndio wa mwisho kupatikana, na wengine hukabidhiwa kazi hiyo kwa sababu tu hawakuwepo kikaoni kukataa. Wakishakabidhiwa, maswali yao ya kwanza huwa yale yale: wafundishe nyimbo gani, na sare ishonwe kwa kitenge kipi. Nimekuwa mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto Wakatoliki, kwa miaka mingi katika parokia moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam, na kila mlezi mpya anayeniuliza humwomba ayaahirishe maswali hayo kidogo, ajiulize kwanza watoto wake watakuwa na kazi gani. Kikundi ambacho kazi yake pekee ni kucheza mbele ya altare siku ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake, hujaa wakati wa mazoezi, na sherehe ikiisha kinabaki na watoto wa mlezi mwenyewe na wa jirani yake.

Ukirudi kwenye chimbuko la shirika hili, utaona kwamba halikuanzishwa kwa ajili ya kupendezesha Misa. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, akiwa ameguswa na barua za wamisionari kuhusu watoto wa China waliokuwa wakifa bila Ubatizo na bila matunzo, alishauriana na Pauline Jaricot wa Lyon, mwanamke mlei ambaye juhudi zake ndizo zilizozaa Shirika la Uenezaji wa Imani mwaka 1822. Kisha akawaomba watoto wa nchi yake mambo mawili: Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi. Aliwaomba watoto wenyewe, si wazazi wao, na hapo ndipo lilipo jambo la maana. Tarehe 3 Mei 1922 Papa Pius XI aliliweka shirika hilo miongoni mwa mashirika ya kipapa, lakini hadhi hiyo haikubadilisha msingi wake, kwamba mtoto anaweza kumsaidia mtoto mwenzake asiyemfahamu, na kwamba sala yake na sarafu yake vinahesabika.

Kwa hiyo anza na sarafu. Tafuta kopo lenye kifuniko, chagua watoto wawili wa kulitunza na mmoja wa kuandika, na kila mwisho wa mwezi wahesabu mbele ya wenzao na kutangaza kiasi kilichopatikana. Shilingi 50 au 100 iliyobaki kwenye hela ya shule inatosha. Wapo wazazi watakaomfungia mtoto noti ya shilingi 5,000 kwenye leso ili asionekane mnyonge, nao waeleze kwa upole kwamba mchango wao unakaribishwa kwenye mfuko wa mahitaji ya kikundi, ila kopo ni la watoto. Mifuko hiyo miwili isichanganywe hata siku moja. Sadaka ya kimisionari hupelekwa jimboni kupitia kwa paroko, na mlezi anayeichota kununulia biskuti za mahafali, hata kwa nia njema, anawafundisha watoto jambo ambalo watalikumbuka kuliko mafundisho yake yote.

Salamu Maria nayo inahitaji kupewa sura. Mimi hutumia rozari ya kimisionari, ile yenye makumi matano ya rangi tano: kijani kwa Afrika, nyekundu kwa Amerika, nyeupe kwa Ulaya, buluu kwa Oseania na njano kwa Asia. Kabla ya kila kumi, mtoto mmoja hutaja nchi moja ya bara husika na jambo moja alilolisikia kuihusu, liwe la vita, mafuriko au hata mpira wa miguu. Mwezi Oktoba, ambao ni mwezi wa Rozari na pia una Dominika ya Misioni, zoezi hili huwavutia hata wale wanaochoka upesi na sala ndefu. Nimewahi kuambiwa na mwalimu wa shule ya msingi jirani kwamba anawatambua watoto wetu katika somo la jiografia. Sina uhakika kama alikuwa anasifu au anatania, ila nililipokea.

Kazi yenye uzito zaidi ni ile inayofanyika ndani ya Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja, ambako watoto huishi na kujuana. Hapa nimejifunza kuwaachia uamuzi kuliko nilivyodhani inawezekana. Kuna utaratibu mzuri unaotumiwa na vijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) na wanafunzi wa TYCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania), wa kuona, kuamua na kutenda, uliotokana na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyewakusanya vijana wafanyakazi karne iliyopita na kukataa kuwafikiria kwa niaba yao. Watoto wa miaka kumi wanauweza vizuri. Tulipozungumzia kumsaidia mwenzao mmoja aliyekuwa akilelewa na bibi yake, sisi walezi tulikuwa tumekwisha kupanga kununua madaftari. Watoto walitusikiliza, kisha wakasema madaftari anayo, tatizo ni sabuni, kwa maana wenzake darasani wanamcheka kwa ajili ya shati na ndiyo sababu haji shuleni siku ya Ijumaa, siku ya ukaguzi wa usafi. Tukanunua sabuni. Hakuna mtu mzima katika jumuiya yetu aliyekuwa analijua jambo hilo.

Kutembelea wagonjwa na wazee kuendeshwe kwa namna hiyo hiyo. Wasiende kuimba tu na kuondoka, bali wafagie uwanja, wachote maji, wasome Injili ya Dominika, na wakae kidogo ili mzee azungumze. Kundi lisizidi watoto wanane kwa nyumba moja, la sivyo mgonjwa ndiye atakayechoka.

Sasa niseme kuhusu siku na saa, kwa kuwa hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Jumamosi ilikuwa siku yetu ya asili, lakini mijini siku hizi Jumamosi ni ya masomo ya ziada, hasa kwa watoto wa darasa la nne na la saba wanaojiandaa na mitihani ya taifa. Mlezi anayeshindana na tuisheni atashindwa, na pengine anastahili kushindwa. Sisi tulihamia Dominika, mara baada ya Misa ya watoto, kwa muda wa saa moja isiyoongezwa, huku akina mama wa jumuiya wakiandaa uji kwa zamu, kwa sababu mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kula hawezi kusikiliza neno lolote saa nne. Watoto wa madarasa ya mitihani hupewa ruhusa katika miezi ya mwisho, na wenzao huwaombea kwa majina.

Kuhusu sare, nitasema machache. Skafu inatosha. Kitenge cha kushona kwa fundi kinapokuwa sharti la kuandamana, watoto wawili watatu huacha kuja bila kusema sababu, na mara nyingi wanaoacha ndio waliohitaji kikundi kuliko wengine.

Vilevile usikubali Utoto Mtakatifu ugeuzwe tawi la mafundisho ya Sakramenti. Katekista ana silabasi yake, mahudhurio yake na mtihani wake, na ana haki ya kuwa mkali. Zipo parokia ambazo mtoto hapokelewi kwenye Komunyo ya Kwanza mpaka aoneshe kadi ya mahudhurio ya Utoto Mtakatifu. Naelewa nia ya utaratibu huo, lakini siuungi mkono, kwa kuwa mtoto aliyekuja kwa kulazimishwa huhesabu siku, na siku ya Komunyo ikipita huondoka akiwa na haki zote za kuondoka.

Kipaimara ndicho kizingiti kigumu zaidi, na ningependa walezi wakifikirie kuliko jambo lingine lolote. Mtoto akishapakwa krisma, akiwa na miaka 13 au 14, hujiona amemaliza, na mazingira humthibitishia hivyo. Wengine hupelekwa shule za bweni, ambako TYCS itawapokea kama ipo na ina mlezi. Wanaobaki huambiwa waende VIWAWA, na huko hukutana na kaka na dada wenye miaka 25 na zaidi, wanaojadili mikopo ya vikundi na uchumba. Mvulana wa kidato cha kwanza hana la kusema katika kikao hicho, naye hukaa nyuma mara mbili kisha haonekani tena.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwafanya walezi wasaidizi, na kuanza kabla ya Kipaimara, tangu darasa la sita, ili Sakramenti iwakute tayari wana jukumu. Mmoja atunze daftari la mahudhurio, mwingine aongoze kundi la wageni, mwingine asimamie vifaa vya michezo. Wavulana wengi wa umri huu huona haya kucheza ngoma mbele ya waamini, wala usiwalazimishe. Wape spika, nyaya, viti na mpira, nao watafika kabla yako. Kwa wasichana kikwazo mara nyingi kiko nyumbani: Dominika ni siku ya kufua na kupika, na kaka yake anaruhusiwa kutoka wakati yeye haruhusiwi. Hapo mlezi wa kike aende kuzungumza na mama wa binti ana kwa ana, maana ujumbe wa simu haujawahi kutosha. Na wale wa bweni wasifutwe kwenye daftari. Wakirudi likizo ya Juni na ya Desemba, wapangiwe kazi, hasa maandalizi ya sikukuu ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba, ambayo huangukia wakati wako nyumbani.

Msaidizi wa miaka 14, hata hivyo, bado ni mtoto, na haachwi peke yake na wadogo. Sheria hii inamhusu pia mtu mzima. Katika kikundi chetu hakuna mlezi, padre, frateri wala mwanakwaya anayekaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, kila safari ina barua ya ruhusa iliyotiwa saini na mzazi, na watu wazima wawili, mwanamke na mwanamume, husafiri na watoto katika basi la kukodi ambalo idadi ya viti imehesabiwa kabla. Picha za watoto hazisambazwi kwenye makundi ya simu bila idhini ya wazazi. Mtoto akikueleza kwamba ameumizwa, iwe nyumbani, shuleni au kanisani, msikilize, usimwahidi kuficha, usiitishe kikao cha usuluhishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayedhulumiwa azitoe, na njia zipo: Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na simu namba 116 ambayo haina malipo. Wapo watakaokuambia kwamba unalichafua Kanisa. Wasikilize kwa heshima, kisha piga simu.

La mwisho ni la kiofisi. Paroko anayependa watoto akihamishwa, kikundi kinachotegemea mapenzi yake hudhoofika ndani ya mwaka mmoja. Omba Utoto Mtakatifu uwe na fungu lake katika bajeti ya Halmashauri ya Walei, yaani baraza la waamini wa parokia, hata kama ni dogo, la uji, skafu na nauli za semina za walezi jimboni. Peleka ombi hilo kabla bajeti haijafungwa, ukiwa na daftari la mahudhurio mkononi na hesabu za kopo zilizoandikwa na watoto wenyewe, kwa sababu swali la kwanza la mweka hazina litakuwa idadi ya watoto, na la pili litakuwa fedha za mwaka uliopita zilitumikaje. Ikiwezekana, mtunza kopo aje naye kikaoni asome hesabu yeye mwenyewe.