Jua Limetoka, Ardhi Bado Baridi: Maswali Yenu Kuhusu Matembezi ya Mjini

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaoishi kwenye miji yenye misimu minne, ambako majira ya kuchipua ndiyo yameanza. Tunaomba jambo moja likumbukwe katika majibu yote: hewa hupata joto kwanza, udongo hufuata, na maji huwa ya mwisho.

*Kila mwaka nikifika kwenye bustani ya micheri nakuta maua yameshapukutika. Nitajuaje siku ya kwenda?*

Acha kuhesabu tarehe, angalia vitumba. Kwanza huonyesha ncha ya kijani, kisha vikonyo hurefuka, halafu kitumba huvimba na rangi ya ua huanza kuchungulia. Ukiiona rangi hiyo, zimebaki siku chache tu. Maua yakishafunguka yote hudumu kama wiki moja kukiwa na utulivu na ubaridi, ila mvua yenye upepo huyamaliza kwa alasiri moja. Kwa hiyo nenda nusu yake ikiwa imefunguka. Anayengoja yakamilike anabahatisha na mvua.

Na ukichelewa, hujakosa yote. Miti ya katikati ya mji hutangulia kwa sababu lami na zege hutunza joto usiku kucha. Ya pembezoni hufuata, na ya vilimani hufuata zaidi: kwa kadirio la zamani, kila ukipanda mita 120 hivi, kuchanua huchelewa takriban siku 4. Panda kilima, utayakuta. Ila usiingie ndani ya kamba zilizozungushiwa miti. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushikamana na kukosa nafasi za hewa, na mizizi hudhoofika.

*Baiskeli yangu imekaa stoo tangu baridi ianze. Jumapili nataka kuzunguka nayo kando ya mto. Nijaze upepo tu niondoke?*

Hapana, upepo ni mwanzo tu. Tyubu huvujisha hewa kidogo kidogo hata bila tundu, kwa hiyo tairi laini si lazima liwe pancha. Soma kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ujaze kwa pampu yenye geji. Kidole gumba hudanganya. Tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wa barabara, tyubu hubanwa na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona mawili hivyo, usitafute msumari. Jaza leo, uliache lilale. Likiamka laini, hapo ndipo kuna tundu au valvu mbovu. Kagua na nyufa: nyuzi za ndani zikionekana, tairi limekwisha.

Breki zifuate. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea au mpira umelika. Mpira ubane rimu peke yake, usiguse tairi, na mifereji yake ikishafutika ubadilishe. Kama breki ni za diski, mafuta yasiifikie diski kabisa, maana vibanio (pedi zinazoibana diski) vikishayanywa hupoteza nguvu, na mara nyingi dawa ni kuvibadilisha tu.

Mnyororo ndio wengi huuharibu kwa kuupenda mno. Futa kwa kitambaa kikavu huku ukizungusha pedeli kinyumenyume, mpaka kitambaa kiache kutoka na weusi mzito. Weka tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, subiri dakika kadhaa, kisha futa mafuta yote ya nje. Mafuta yakizidi hunasa mchanga, na mchanga husaga mnyororo pamoja na meno ya gia. Upime pia: kutoka pini ya 1 hadi ya 25, mnyororo mpya wa kawaida una milimita 304.8. Ukifika 306.4, ubadilishe kabla haujala meno.

Mwisho bana gurudumu la mbele kati ya magoti, ujaribu kupindisha usukani. Ukigeuka peke yake, kaza nati. Barabarani, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona: mchanga uliomwagwa wakati wa barafu huwa bado umelala pale.

*Natoka saa nne asubuhi kutazama ndege bustanini, naona njiwa tu. Nakosea wapi?*

Unachelewa. Ndege huanza kuimba kama saa moja kabla ya jua kuchomoza: madume hulinda maeneo yao na kuita majike, wakati mwanga bado hautoshi kutafuta chakula. Uwe umeshasimama mahali pako dakika 45 kabla ya jua, panapokutana miti na maji au miti na uwanja. Tulia dakika 10 bila kutembea. Tena wahi kabla majani hayajajaa mitini, maana baada ya hapo utasikia zaidi ya kuona.

Darubini ya 8x42 inatosha kabisa. Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10 hutikisika zaidi mkononi na mara nyingi huonyesha eneo dogo zaidi. Ziba kioo cha kulia, sawazisha jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha ziba cha kushoto, sawazisha la kulia kwa pete yake. Umwonapo ndege, mkazie macho na uinue darubini bila kuyahamisha. Wengi huinua kwanza kisha wakaanza kumsaka.

Siku yenye baridi, mtafute mbayuwayu chini chini juu ya bwawa, kwa kuwa wadudu huwa huko. Yule wa Ulaya amesafiri kutoka kusini mwa Sahara. Tafadhali usimchezee ndege yeyote sauti ya ndege iliyorekodiwa kwenye simu ili aje: dume huacha kazi yake kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.

*Watoto wanataka mashua ya makasia ziwani. Jua ni kali, je, majaketi ya kujiokolea yanaweza kukaa chini ya viti?*

Hapana, yavaliwe kuanzia gatini. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila hiari mara anapotumbukia, na uso ukiwa majini huvuta maji. Hali hiyo hutulia baada ya kama dakika 1. Katika maji ya baridi kali, una takriban dakika 10 za mikono kukutii. Baada ya hapo hata mwogeleaji hodari hushindwa, kabla baridi yenyewe haijamzimisha. Vidole vilivyokufa ganzi havifungi mikanda.

Kwa mtoto, funga kila kitu kisha inua jaketi kwa mabega yake. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na mkanda wa kupita kati ya miguu ni wa lazima kwa wadogo. Mashua ikipinduka, shikeni mashua, tulizeni pumzi, msiogelee kuelekea ufukweni.

*Kukaa kwenye nyasi kuna hatari gani?*

Baridi na kupe. Blanketi peke yake hunyonya unyevu. Tandika kwanza mkeka wa sponji usiopitisha maji. Ukirudi, kagua nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na nyuma ya masikio. Kupe mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja taratibu. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Andika tarehe. Wekundu unaotanuka ukitokea kati ya siku ya 3 na ya 30, au homa ikija, nenda hospitali na umweleze daktari tarehe hiyo.